Manukuu ya Kiswahili ya filamu Neighbors: dakika 61 zimekamilika

Nimetafsiri dakika 61 za Neighbors, filamu ya vichekesho vichungu iliyoongozwa na John G. Avildsen mwaka 1981, na zimebaki takriban 34. Earl Keese, mtu mpole anayeishi na mkewe katika kitongoji tulivu cha Marekani (picha zilipigwa Staten Island, New York), anapata majirani wapya, Vic na Ramona, ambao kwa usiku mmoja tu wanamvuruga nyumba nzima. Wahenga walituruhusu kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Hawa walistahili kupewa kabla ya chakula cha jioni. John Belushi, aliyezoeleka kuwa mtukutu, hapa ndiye Earl, na Dan Aykroyd ndiye Vic, nywele zake zimepaushwa hadi kuwa za dhahabu.

Earl ndiye aliyenitesa. Hasira yake yote imefunikwa na adabu, na adabu ya Kiswahili ni ndefu, ilhali mstari wa manukuu ninaujaza alama 40 hivi. "Samahani, bwana, naomba uniwie radhi" imekwisha kula 36 kabla hajasema shida yake. Nimeamua amwite Vic "bwana" mwanzoni, kisha neno hilo lipotee kidogo kidogo, libaki "wewe" kavu. Vic naye anamwita Earl "mzee wangu", kwa heshima ile ya mtu anayekaribia kukuomba hela. Katika tukio ambalo Vic anachukua fedha za Earl akalete chakula cha Kiitaliano, kisha anaonekana akijipikia tambi jikoni mwake, "mzee wangu" limefanya kazi kuliko nilivyotarajia.

Wiki iliyopita niligundua kosa la kijinga: muda wa manukuu niliupanga kwa picha 24 kwa sekunde, na nakala yangu inakwenda kwa 25. Ilipofika dakika ya 30, maneno yalichelewa kwa dakika moja na robo, Belushi amefunga mdomo huku Earl akiomba radhi. Nilirekebisha faili lote kwa jioni moja.

Bado sijaamua jambo moja la mwisho. Earl anapoondoka pamoja na majirani hao, natamani "mzee wangu" limtoke yeye, amwambie Vic.