Zuia oili kwanza, kisha badili mipira ya rejeta

Ukikuta mpira wa rejeta, yaani bomba la kupitishia maji ya kupozea injini, umevimba na kulainika upande wa juu tu, usikimbilie kununua mwingine. Inua macho uangalie kilicho juu yake. Mara nyingi utakuta gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inavuja na oili imekuwa ikidondokea pale pale kwa muda mrefu. Mipira mingi ya kupozea injini hutengenezwa kwa EPDM, aina ya mpira inayovumilia maji moto na glaikoli (kemikali iliyo kwenye maji ya kupozea) kwa miaka, lakini haipatani na oili ya injini wala grisi. Oili hupenya ndani ya mpira, mpira ukavimba na kupoteza nguvu, mwisho ukachomoka kwenye shingo, ile ncha unapofungwa, au kupasuka njiani. Mpira mpya ukifungwa chini ya gasketi inayovuja, nao utaishia huko huko.

Ndiyo maana kazi hizi mbili nazihesabu kuwa moja, na mpangilio wake una maana: mwaga kulanti (maji ya kupozea injini), toa mipira inayokuzuia, maliza kazi ya gasketi, safisha injini, halafu ndipo ufunge mipira mipya.

Kabla ya kushika spana, hakikisha uvujaji unatokea wapi hasa. Oili hutiririka kwenda chini, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Gasketi ya juu ikivuja kwenye kona ya nyuma, oili hushuka hadi pale injini inapokutana na giaboksi, na mtu anaambiwa oili sili ya nyuma ya krenki, inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea, imekufa. Giaboksi linashushwa bure. Osha injini kwa dawa ya kuondoa mafuta, iache ikauke, endesha kilomita 20 au 30, kisha mulika kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndiyo chanzo. Kwa kulanti, tafuta ukoko mkavu wa rangi kwenye ncha za mipira. Injini ikiwa baridi, minya kila mpira karibu na klampu (kibano kinachoushikilia), kisha uminye katikati. Ncha ikiwa laini kuliko katikati, mpira unaoza kwa ndani hata kama nje unang'aa. Ukisikia unakatika-katika ndani, au ni mgumu kama haupindi, muda wake umeisha.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto, kwa sababu yoyote ile. Ndani kuna mgandamizo wa karibu bar 1 na maji yaliyopita nyuzi 100. Ukifungua, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Kulanti unayomwaga ikinge kwa karai na uifunike mara moja. Ina ladha tamu na ni sumu, na mbwa au mtoto anaweza kuinywa.

Sasa tapeti kava. Puliza na ufute vumbi lote kulizunguka kabla ya kulegeza bolti hata moja, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye kemshafti, mhimili unaofungua vali, utazunguka na oili injini nzima. Toa waya wa hasi wa betri, kisha koili. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, ifyonze yote kabla ya kufungua plagi, la sivyo itaingia kwenye silinda. Oili hiyo pia inakuambia kuwa sili za mashimo ya plagi nazo zibadilishwe. Legeza bolti kuanzia pembeni kuja katikati. Kava likigoma, ligonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Bisibisi ikichomekwa kati ya kava na silinda hedi (kichwa cha injini) huchora aluminiamu, na mchoro huo unakuwa njia mpya ya oili.

Safisha nyuso zote mbili kwa kikwaruzo cha plastiki na dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Gasketi ya mpira huwekwa kavu. Kosa ninaloliona zaidi kuliko yote ni kuizungushia silikoni yote. Silikoni huifanya iteleze kutoka kwenye mfereji wake, na vipande vinavyobanwa kwenda ndani hushuka hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Injini inakufa kwa kukosa oili wakati sampu, karai la oili chini ya injini, imejaa. Silikoni inahitajika kwenye kona chache tu: pale kava la taimingi linapokutana na hedi, na kwenye vile vipande vya nusu duara kama injini yako inavyo. Tone dogo linatosha, na kava likae mahali pake ndani ya dakika 5 hivi, kabla silikoni haijaota ngozi.

Bolti nyingi za kava ni M6, soketi namba 10. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili. Injini nyingi hutaka nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 8 hadi 10, ila fuata kitabu cha injini yako na utumie toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Nguvu ikizidi haizibi zaidi. Inapinda kava la chuma, inapasua la plastiki, au inang'oa nyuzi kwenye hedi. Kagua pia vali ya PCV, inayotoa gesi zinazojikusanya ndani ya injini. Ikiziba, mgandamizo unajikusanya ndani ya injini na kusukuma oili nje hata kama gasketi ni mpya.

Kwenye mipira, usivute kwa nguvu. Shingo ya plastiki ya rejeta iliyozeeka huvunjika kama biskuti. Chana mpira wa zamani kwa urefu kwa wembe, ukiwa mwepesi wa mkono ili usikwaruze shingo, kisha uubandue. Sugua shingo kwa msasa laini hadi ukoko uishe. Paka maji au kulanti ili mpira mpya uingie, kamwe si grisi. Klampu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka wa shingo, milimita 3 hadi 5 kutoka mwisho wa mpira. Napenda klampu za springi kwa sababu hufuata mpira unapotanuka na kusinyaa. Za skrubu hulegea baada ya siku chache. Mpira wa chini ukiwa na springi ndani, hakikisha mpya nao unayo, maana wota pampu huvuta upande huo na inaweza kuubana ukajifunga.

Jaza kulanti ya aina inayotakiwa na gari lako, usiangalie rangi tu, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba yana madini yanayojenga ukoko. Weka hita kwenye joto la mwisho, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, washa injini na uongeze kidogo kidogo hadi mapovu yaishe. Funga kifuniko, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukitazama geji ya joto. Hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, bado kuna hewa ndani.

Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, kaza tena klampu za skrubu na uangalie kimo cha kulanti. Kupungua kidogo mara ya kwanza ni hewa iliyotoka. Kikiendelea kushuka na hakuna tone popote, pima mfumo kwa pampu ya mgandamizo, ukianza na kifuniko cha rejeta, kabla ya kuanza kuishuku gasketi ya silinda hedi.