Kumbukumbu ya mradi: mazungumzo ya sita na ya saba

Nilipoanza kurekodi mazungumzo na wasanii na waandishi wa Arusha na Moshi kuhusu utamaduni na siasa, swali langu la kwanza lilikuwa, "Msanii ana wajibu gani katika siasa?" Baada ya mazungumzo matano nimelifuta. Kila niliyemuuliza alikaa wima, akasafisha koo na kunijibu kama mgeni rasmi kwenye mahafali, na kwa kuwa majibu yote matano yanafanana, sina budi kukiri kwamba kasoro ilikuwa kwenye swali. Sasa ninaanza na kazi yenyewe.

Mazungumzo ya sita yalikuwa mafupi. Dada mmoja wa Ngarenaro anayechorea watalii alinieleza kwamba aliwahi kumpandisha morani kwenye bodaboda, picha ikakaa dukani miezi mingi, na ilinunuliwa wiki ileile alipoifuta pikipiki na kuweka mti wa mgunga mahali pake. Hakuliita jambo hilo siasa, nami sikumsaidia kuliita hivyo.

Ya saba yalinipeleka Moshi, kwa mzee mtunzi wa mashairi anayekaribia miaka sabini, ambaye tulikaa naye barazani kwake Majengo tangu saa nne asubuhi. Nilitaka anieleze habari za ngonjera, yaani mashairi ya majibizano. Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, lilipokwisha kutangazwa Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walipeleke kwa wananchi, na utanzu huu, ambao Mathias Mnyampala aliupa umbo tunalolijua, ukaingia mashuleni. Mzee alikuwa mwanafunzi wakati huo, na kwa sababu ya sauti yake kubwa alipangiwa kila mara kuwa mbishi, yaani yule anayepinga siasa ya ujamaa ubeti kwa ubeti mpaka mwisho, ambapo hana njia ila kukubali. Nilimwomba anighanie. Akaghani beti tatu za ubishi bila kukwama, lakini alipofika kwenye ubeti wa kukubali akanyamaza, akatazama juu, kisha akacheka. "Za kukubali zimenitoka, mwanangu. Hizi za ubishi ndizo zilizobaki."

Nikamuuliza kama mtunzi alikuwa na uhuru wowote katika mashairi ya namna ile. Hakunijibu moja kwa moja. Aliniwekea viganja vyote viwili mbele ya uso, akakunja vidole viwili vikabaki vinane, ambavyo ni mizani, yaani silabi, za kipande kimoja cha mshororo wa kawaida wa mizani kumi na sita. Kisha akaanza kuvikunja kimoja kimoja: ku, ji, te, ge, me, a. Vilibaki viwili. "Chama kimeshachukua sita," akasema, "mtunzi ana mbili." Nilitaka kujua walizijaza kwa neno gani. "Mara 'watu', mara 'sasa'. Lakini tulilolitumia sana ni 'kweli'." Akaghani, "Kweli kujitegemea," akasita kidogo, akarudia kwa sauti ya kuuliza. Nina saa nyingi za sauti katika mradi huu, na sidhani kama kuna mahali pengine palipo na maelezo bora ya kazi ya mshairi chini ya chama kimoja kuliko sekunde hizo chache.

Kwa bahati mbaya mvua ilianza muda mfupi baadaye, na kwa kuwa baraza limeezekwa kwa bati, dakika kumi na moja zinazofuata ni ngurumo tupu. Nilipaswa kusimamisha mashine, lakini mzee alikuwa ameshika kasi na sikuthubutu kumkatiza. Safari ijayo nitakwenda na kinasa sauti kidogo cha kubandika kwenye kola.

Niliporudi Arusha niliandika beti zake tatu kutoka kwenye rekodi, nikampigia simu na kumsomea kama nilivyomwahidi. Aliniacha nimalize ubeti wa kwanza. Kwenye mshororo wa tatu wa ubeti wa pili akanisimamisha na kuniambia nihesabu. Nilipata kumi na tano. Nilikuwa nimeandika "si" mahali alipotamka "siyo", nikarekebisha akiwa bado hewani, na hakukubali tuendelee mpaka nilipomsomea upya ubeti mzima.