Siku niliyopanda gari la Dar na futi shingoni

Mi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Kihonda hapa Morogoro, na hii kitu ilinitokea 2021, ule mwaka soko la Kariakoo liliungua mwezi wa saba. Nakumbuka vizuri kwa sababu kabla hata sijaulizia bei nilimtumia muuzaji pole, nilidhani duka lake limo mle ndani, akanijibu "ahsante mamy sie hatupo sokoni tupo ghorofani, karibu preoda". Preoda ni kwamba unalipa kwanza, halafu yeye ndo anakuagizia mzigo China. Hapo ndo tulipoanzia.

Nilichokuwa nataka ni midoli ya kuvalisha nguo. Magauni yangu nilikuwa nayaning'iniza na henga pale mlangoni, na gauni likiwa kwenye henga halina mwili, mtu anapita anaona kama mtumba tu umeanikwa. Sasa huyu dada huko Insta alikuwa na ile midoli ya kiwiliwili, ya plastiki, mgongo wazi, ina ndoano juu unaitundika ukutani, mdoli mmoja elfu 22 na unachukua kuanzia sita. Hapa mjini nilishaulizia nikaambiwa elfu sitini, mwingine sabini kabisa. Nikapiga hesabu, sita mara 22 ni 132,000, nikamuuliza na kusafirisha je? Akasema ni kwa meli, dola 400 kwa CBM, "makadirio yako itakuwa kama laki moja hivi mamy, unalipa mzigo ukifika". Laki na thelathini na mbili, weka na laki, hata elfu arobaini kwa mdoli haifiki. Nikalipa kwa M-Pesa siku hiyohiyo, na kitu kimoja namshukuru Mungu, chati yetu sikuifuta.

CBM nilikuwa siijui. Baadaye ndo nimekuja kuijua kuliko anayoyajua mpiga debe wa Msamvu kuhusu magari. Mzigo wa ndege wanaupima kilo, wa meli wanaupima ukubwa wake, yani nafasi inayokula kwenye kontena. CBM moja ni boksi la mita moja kila upande. Unapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha vyote vitatu halafu unagawa kwa milioni moja. Kwa hiyo ukiagiza kitu chepesi lakini kimevimba, kama midoli yangu ambayo mmoja hata kilo haufiki, unalipia hewa.

Aliniambia siku 45. Zikafika 45 kimya, zikafika 60, nikiuliza anatuma voisi ndefu sauti imelegea kama mgonjwa, mara kontena zimeadimika, mara "mamy si unakumbuka ile meli iliyokwama Suez, mpaka leo foleni haijaisha". Mi nikamuonea huruma. Jioni yake alikuja mtoto wa kaka yangu, anafundisha jiografia sekondari, nikamsimulia, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Shangazi, mzigo unaotoka China kuja Dar unapita Suez kufuata nini? Unashuka Malaka, unakatiza Bahari ya Hindi, umefika. Suez ipo Misri huko, njia ya Ulaya." Halafu ile meli yenyewe ilikwama mwezi wa tatu, siku sita tu ikanasuka, mi nimeagiza mwisho wa mwezi wa saba. Niseme tu ukweli, mwaka ule meli zilipanda bei kweli na kontena zilikuwa shida, kila mfanyabiashara alikuwa analia, hilo hakunidanganya. Lakini mi bei aliniambia 400 na hakuwahi kusema imepanda, sasa Suez ya nini?

Mzigo ukafika mwezi wa kumi. Meseji ikaja usiku nimeshalala, naisoma asubuhi nikiwa napiga pasi suruali ya mtu, nikaisahau pasi mpaka nikasikia harufu. Imeandikwa hivi: 0.336 mara 400 mara 2,400, jumla 322,560. "Lipia leo mamy uepuke chaji za stoo, elfu tatu kwa siku."

Laki tatu na ishirini na mbili! Midoli yenyewe laki na thelathini na mbili!

Nikaandika kwa heshima kabisa, mdogo wangu habari za asubuhi, naomba unieleweshe hii hesabu maana uliniambia laki moja. Akajibu "ile ilikuwa makadirio". Nikamwambia makadirio yanazidi kwa elfu kumi, elfu ishirini, hayazai mapacha watatu. Akasema ndivyo ejenti, yani yule anayewasafirishia mizigo, alivyopiga. Nikamuomba basi hiyo karatasi ya ejenti, kimya. Nikamuuliza na dola je, mbona unapiga 2,400 wakati benki ni elfu mbili mia tatu na kumi hivi, akatuma kile kikatuni cha kucheka. Kikatuni! Nikamtumia skrinishoti ya maneno yake mwenyewe, "laki moja hivi mamy", tiki zikawa za bluu, halafu picha yake ikapotea. Kanibloku.

Nikachukua simu ya mume wangu nikaandika "mambo, midoli ipo?" Dakika haikuisha. "Ipo mamy karibu sana."

Sasa watu walinishauri mengi. Mwenye fremu jirani, anauza vipodozi, alisema nenda Tume ya Ushindani ndo kazi yao kumtetea mlaji, na kweli ni kazi yao, ila mi nilikuwa naiona ile elfu tatu ya stoo inavyojumlika kila jua likizama. Mume wangu alisema achana nayo midoli yenyewe haina hata kichwa. Mi nikaona bora niende. Niliondoka Msamvu alfajiri na gari la kwanza, nikashuka Mbezi kile kituo kipya cha Magufuli, nikadandia daladala mpaka Kariakoo, na ni pale abiria mmoja alipokuwa ananitazama tazama shingoni ndo nikagundua nimetoka nyumbani na futi yangu nimeivaa. Nimeizoea kiasi kwamba siisikii, kama mtu na miwani yake. Nikaona aibu nikataka niiweke kwenye pochi, halafu nikaiacha.

Lile jengo ni ngazi tupu, gorofa ya tatu, korido mabunda mpaka juu unapita ubavu ubavu. Kwenye stoo kulikuwa na kijana wa mizigo, yule dada mwenyewe amekaa kwenye kistuli na simu tatu, na wateja kama wanne wamesimama na sura za kununa. Ukutani wamebandika lile bango la MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilivyomuona nikaishiwa pozi, ni katoto, sijui ishirini na mbili, ishirini na tatu, ana kucha ndefu za kubandika na macho ya mtu ambaye hajalala. Akanisalimia "shikamoo mama", wala hakujua ni mimi. Nikaitikia marahaba, nikamtajia jina, akainama kwenye simu.

Nikamwambia sijaja kugombana, nataka nione mzigo wangu tu. Kijana akauchomoa kule nyuma. Boksi moja. Jina langu limeandikwa kwa makapeni na herufi za Kichina pembeni na 6PCS. Moja tu! Mi kwa ile laki tatu nilikuwa nimeshapata picha ya kitu kama kabati, kumbe boksi mtu mmoja analikumbatia anatembea nalo.

Basi nikavua futi. Ina sentimita 150, upande mmoja inchi upande mwingine senti, na mi toka nimefundishwa kushona natumia inchi tu, ule upande wa pili nadhani ndo nilikuwa nautazama kwa mara ya kwanza. Nikamwambia kijana nishikie hapo. Urefu 75. Upana 42. Kimo 32. Nikatoa simu nikazidisha mbele ya watu wote kwa sauti, 100,800, gawa kwa milioni, 0.1008. Pointi moja. Yeye kaniandikia pointi tatu tatu sita.

Nikamwambia fungua. Midoli ilikuwa imeingiana kama sufuria za mamalishe, mmoja ndani ya mwenzake, kwa sababu mgongo wazi, yote sita imekula nafasi ya mmoja na kitu. Hapo ndo nikaelewa alivyofanya. Kachukua vipimo vya mdoli mmoja kule kwenye tangazo la mchina, 70 kwa 40 kwa 20, hiyo ni 0.056, kazidisha mara sita. Ejenti kamtoza boksi, yeye kanitoza midoli. Kama alifanya kusudi au ndo hesabu anazozijua mpaka leo siwezi kuapa, ila ile karatasi ya ejenti aliificha, na mtu hafichi karatasi inayomtetea.

Kabla hajasema kitu mama mmoja aliyekuwa anasubiri stendi zake za mawigi akaniambia "dada samahani, hebu nipimie na la kwangu". Nikampimia. La kwake limezidishwa kidogo. Na wa tatu akasogeza la kwake. Nimesimama pale napima maboksi ya watu kama napima sketi za shule za januari, kijana wa mizigo ananishikia ncha ya futi anajizuia kucheka, na yule binti amenyamaza jasho linamtoka puani.

Mwisho akasema haya mama, lete laki moja tuishie hapo. Ukipiga ile 0.1008 kwa dola yake ya 2,400 inakuja kama 96,768, kwa dola ya benki ni elfu tisini na tatu na ushee. Ile ya dola nikaiacha, na ya stoo akaifuta. Nimemtumia laki palepale, meseji ikaingia kwenye moja ya zile simu tatu.

Ingeishia hapo ningekuwa nawasimulia nikiwa nimejaa kifua. Sasa kijana anafunga boksi na gundi, yule binti akaniuliza taratibu tu, wala hana hasira, "mama kwani wewe ni fundi?" Nikamwambia ndio, si unaona futi. Akasema, "mteja akikuletea mita nne, gauni likala tatu, ile moja unamrudishia?"

Mafundi wenzangu mnanielewa. Chini ya meza yangu kuna gunia. Nimeshona foronya za nyumba nzima na kanga-gauni za wanangu wawili kwenye lile gunia, na hakuna mteja hata mmoja niliyemwambia, kila mtu anajua mafundi ndivyo tulivyo, na mimi najua wanajua. Nikafungua mdomo nimjibu kwamba ile ni tofauti, nikaona yule mama wa mawigi naye ananitazama, anasubiri jibu. Nikasema "haya mdogo wangu, biashara njema", nikabeba boksi langu nikashuka nalo ngazi zote zile peke yangu.

Kule Mbezi konda akataka elfu tano ya boksi. Nikampa, sikubishana.

Kesho yake asubuhi nilitundika midoli, kweli duka likabadilika, watu wakawa wanasimama. Saa nne akaja mama mmoja mwalimu kuchukua gauni lake la kitenge. Nikamkunjia gauni, halafu nikainama chini ya meza, nikavuta kwenye gunia kipande chake kilichobaki, kama mita hivi kasoro, na vile vya pembeni pembeni, nikamuwekea juu. Akavitazama, akanitazama mimi.

"Fundi, hivi vya nini?"

Nikamwambia ni vyako, vimebaki. Akavigeuza geuza pale kama mtu aliyerudishiwa chenji ya noti bandia, akauliza kama kuna sehemu gauni limeharibika nataka kumwambia. Nikamwambia hapana, limekaa vizuri. Akalijaribu papo hapo juu ya nguo zake, akajigeuza kwenye kioo, akaangalia mshono wa nyuma mara mbili. Aliondoka na gauni, vipande akaviacha mezani.

Nikavirudisha kwenye gunia.