Nilidhani ni ugeni

Fomu ya mwanangu ilikuwa na kurasa kumi na mbili, mimi nikakwama ya tatu. Je, mtoto husumbuliwa na lebo za nguo? Nikajibu hapana, maana nguo zake nazikata lebo siku ileile zinaponunuliwa. Na zangu pia. Sikuwahi kufikiri kuna watu huzivaa na lebo zake na siku ikaisha salama.

Mwanasaikolojia akauliza mbona nimejaza "hapana" karibu kila mahali. Nikamwambia haya ni mambo ya kawaida tu, hata mimi niko hivyo. Akaweka kalamu chini, akatabasamu. Tabasamu lile nililielewa nikiwa kwenye basi, narudi nyumbani.

Majibu ya mwanangu yakaja: usonji (ubongo kupokea watu, sauti na mguso kwa namna yake) pamoja na ADHD, yaani shida ya kutulia na kumakinika. Hadi 2013 mwongozo wa utambuzi wa Marekani haukuruhusu mtu mmoja apewe yote mawili, kwa hiyo wa umri wangu tulipita katikati. Na habari ya kurithi si mpya. Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna (ambaye mambo yake na Wanazi hayapendezi hata kidogo) aliandika mwaka 1944 kwamba dalili za watoto aliowatibu alizikuta hata kwa wazazi.

Jina lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni miaka kumi na minne niliyousingizia ugeni kila kitu. Nisipoelewa mzaha kazini, ni lugha. Nikinyamaza kikaoni, ni lugha. Nikirudi kutoka kwenye sherehe na kujifungia bafuni gizani saa nzima, ni upweke wa ughaibuni. Wenyeji nao walinisamehe, mgeni husamehewa mengi. Ambako sikusamehewa ni utotoni, nilikoitwa mwenye maringo. Huku nimepata kificho kizuri mno, nikajificha hata mimi mwenyewe nisijione.

Basi nikaomba kupimwa. Kwa mtu mzima wanataka ushahidi wa utotoni: ripoti za shule, au mtu aliyekulea. Ripoti zangu zililiwa na mchwa. Akabaki Mama, kwa simu, na Mama hajui lugha ya huku, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Jaribu kumuuliza mama yako, kwa niaba ya daktari, kama ulikuwa na marafiki.

"Kwani mjukuu wangu ana nini?" akaanza. "Si ndivyo ulivyokuwa wewe? Mwambie daktari ulikuwa mtoto mzuri, hukuwa na shida. Ila mtu asiguse vitu vyako."

Nikatafsiri. Daktari akauliza vitu gani.

Mama hakusita. Akavitaja vifuniko vya chupa, vyekundu mwanzo, vya bluu, kisha vilivyobonyea, halafu kile kimoja cha kijani kilichokaa peke yake. Vyote, kwa mpangilio wake, baada ya miaka thelathini na tano.

Nilichelewa kutafsiri. Nilikuwa nawaza sasa fomu nyingine nimpelekee nani.