Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Wiki tatu zilizopita walikuja mke na mume kuitazama nyumba yangu ninayoiuza, wakakaa dakika nne. Najua ni dakika nne kwa sababu niliangalia saa walipoingia, na waliponiaga nilikuwa bado nimesimama palepale. Waliipita sebule, wakaingia chumba cha upande unaopigwa na mvua, mwanamume akaweka kiganja ukutani pembeni ya kabati, akamtazama mkewe. Basi. Wakashukuru kwa adabu, wakaenda zao.

Siku hiyo nyumba ilitimiza miezi saba sokoni. Mwezi wa kwanza walikuja watu 11. Mwezi uliotangulia ule wa saba alikuja mmoja tu. Dalali alikuwa amenionya mapema: tangazo likitoka, wote waliokuwa wakingojea nyumba ya aina hiyo huliona kwa mpigo. Wakishapita hao, unabaki na wanaoanza kutafuta leo, wachache wachache, na swali lao la kwanza ni, "Iko sokoni tangu lini?" Ukiwajibu miezi saba, wanaanza kusaka kasoro hata kabla hawajavua viatu. Nilimsikia, lakini sikutaka kumwelewa.

Usiku ule nilimpigia dada yangu mkubwa nikamsomea daftari langu. Humo niliandika bei tuliyonunulia, paa jipya, vigae, mabomba, na chini kabisa chumba cha nyuma. Nilijumlisha vyote, kisha nikaongeza kidogo ili mnunuzi apate pa kupunguziwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei yangu. Dada alinyamaza kidogo, akauliza, "Mdogo wangu, unauza nyumba au unadai fidia?"

Swali hilo limekaa nami siku zote hizi. Mnunuzi hana daftari langu. Anazo nyumba nyingine tatu alizoziona wiki hiyohiyo, na anajua zipi zimeuzwa karibuni na kwa kiasi gani. Bei zilizoko kwenye matangazo ni maombi tu; bei iliyolipwa ndiyo habari. Hata akiipenda nyumba akakubali bei yangu, kama anakopa benki, mthamini wa benki atakuja na hesabu yake, na mkopo utafuata hesabu hiyo.

Kumbe si mimi peke yangu. Mwaka 2001 wachumi wawili, David Genesove na Christopher Mayer, walichapisha utafiti kuhusu fleti za katikati ya Boston, Marekani, katika miaka ya 1990. Wenye nyumba ambao soko lingewalipa chini ya bei waliyonunulia walikuwa wakipandisha bei ya tangazo kwa asilimia 25 hadi 35 ya tofauti kati ya bei hizo mbili. Walipata nyongeza fulani mwishoni, asilimia 3 hadi 18 ya tofauti hiyo, lakini nyumba zao zilikawia kuuzika. Nilisoma hilo mara mbili. Maumivu ya kupoteza yanaandika bei, na sisi tunadhani tumepiga hesabu.

Ila kwangu kilichouma zaidi ni chumba cha nyuma. Alikijenga marehemu mume wangu, tofali kwa tofali, mwaka aliokuwa hana kazi. Katika daftari ndicho kilichobeba fungu kubwa. Lakini hakimo kwenye ramani iliyoidhinishwa, hatukuomba kibali. Wanunuzi wawili walifika hadi kwa mawakili wao, na wote wawili waliishia hapohapo. Niliwakasirikia sana. Nilihisi wanamkosoa yeye. Imenichukua miezi hii yote kukubali kwamba walichokiona ni kitu ambacho mamlaka inaweza kukirasimisha au kuamuru kibomolewe, na hakuna mtu anayelipia zaidi shaka ya namna hiyo. Mimi nilikiandika upande wa kujumlisha, wao wakakiandika upande wa kutoa, na wao ndio walikuwa sahihi. Sasa mchoraji ramani amekipima na maombi yamepelekwa. Jambo hili lilipaswa kufanyika kabla ya tangazo la kwanza.

Ukuta nao. Niliupaka rangi mara mbili na kusogeza kabati kuuziba. Nasema haya kwa aibu ya kweli, maana mtu anayekuja kununua anakuja na akiba ya maisha yake. Fundi alipopanda juu alikuta mfereji wa paa umepasuka, maji yote yanamwagika ukutani. Kuuziba kulichukua asubuhi moja. Mnunuzi akiona doa la unyevu na hajui linatokea wapi, anakadiria ubaya wa mwisho kabisa: msingi, mabomba, paa zima. Hofu hiyo ingenigharimu mara nyingi kuliko mfereji. Plasta iliyooza imebanduliwa, na ukuta sijaupaka rangi tena, kwa sababu ukuta mnene huchukua wiki nyingi kukauka.

Mengine yalikuwa ya siku moja: picha mpya za mchana, mapazia yamefunguliwa, nusu ya samani imetolewa. Bei nimeishusha mara moja, hadi pale nyumba za aina hii zinapouzwa. Kushusha kidogo kidogo kila baada ya wiki chache humfundisha mnunuzi kungoja. Tena wengi hutafuta kwa kuweka kikomo cha juu. Bei yangu ya zamani ilizidi kikomo hicho kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo wapo ambao hawakuwahi kuiona nyumba hii kabisa.

Kuna yasiyotibika kwa rangi wala picha. Barabara ya mbele ina kelele na itabaki nazo. Riba ya mikopo ikipanda, mtu mwenye mshahara uleule anakopeshwa pungufu. Hapo ni kupunguza bei au kusubiri, na kusubiri kuna kodi ya jengo, bima na matengenezo yasiyokoma.

Leo alikuja mama mmoja na binti yake mkubwa. Kabla hajauliza nilimpeleka chumbani, nikamwonyesha ukuta uliobanduliwa na picha za mfereji ulivyokuwa. Akaomba risiti ya fundi, nikampa. Habari ya kibali nilimwambia mlangoni pa chumba cha nyuma, kabla hajaingia. Aliingia hata hivyo. Akapitisha vidole kwenye matofali, akauliza nani alijenga, maana yamepangwa kwa mkono mzuri.

Nikamwambia.

Walikaa karibu saa nzima. Jumamosi anarudi na fundi wake. Kabati nimeliacha lilipo, katikati ya chumba.