Siku yangu kituoni: uchaguzi mdogo wa Runcorn, 1 Mei 2025

Saa kumi na moja alfajiri. Shida ya kwanza ni nguo. Kwenye mafunzo tuliambiwa makarani tusivae rangi ya chama, na hapa Uingereza vyama vimezimaliza rangi. Nyekundu ni Labour, buluu ni Conservative, kijani ni Green, rangi ya chungwa ni Liberal Democrats, na hawa wapya, Reform UK, wamejichukulia samawati. Leso yangu nzuri ni nyekundu. Nikaiacha kabatini, nikavaa kijivu kama mtu wa matanga, nikajaza chai kwenye chupa.

Saa kumi na mbili na nusu. Kituo chetu ni ukumbi wa kanisa. Tuko wawili tu: mimi karani, na msimamizi wa kituo, mwalimu mstaafu aliyefanya kazi hii tangu zamani. Hakuna askari mlangoni, hakuna mashine, hakuna wino wa kidole. Kuna daftari la wapiga kura, rula, vibanda vya mbao na penseli zilizofungwa kwa uzi. Kaka yangu aliye Mombasa haamini mpaka leo kwamba Waingereza hupiga kura kwa penseli.

Karatasi ya kura yenyewe ni ndefu: wagombea 15, wamepangwa kwa herufi za jina la ukoo, kuanzia Blaiklock wa English Democrats hadi Williams asiye na chama. Yumo Howling Laud Hope wa Monster Raving Loony Party, chama cha mzaha ambacho ni nadra kukosa uchaguzi mdogo. Yumo Peter Ford, aliyekuwa balozi wa Uingereza nchini Syria. Kila mmoja ameweka dhamana ya pauni 500, na asipofikisha asilimia 5 ya kura hairudi. Alfabeti nayo ina vituko vyake: Sarah Pochin wa Reform na Karen Shore wa Labour, wawili ambao kila mtu alikuwa akiwazungumzia, walipangwa mmoja juu ya mwenzake.

Saa moja kamili. Msimamizi anamwonyesha mpiga kura wa kwanza kwamba sanduku ni tupu, kisha analifunga kwa lakiri. Mpiga kura huyo amekuja na mbwa wake. Mbwa wanaruhusiwa.

Saa tatu. Kimya, kwa hiyo niwaeleze tulifikaje hapa. Mbunge wetu, Mike Amesbury, alimpiga ngumi mwananchi barabarani usiku mmoja wa Oktoba 2024, mjini Frodsham. Picha zilienea, Labour wakamsimamisha, mahakama ikamhukumu wiki 10 jela, na kwenye rufaa kifungo hicho kikaahirishwa. Kwa sheria ya hapa, hata kifungo kilichoahirishwa kinafungua mlango wa saini: asilimia 10 ya wapiga kura wakitia saini, mbunge anapoteza kiti. Hakungoja. Alijiuzulu Machi. Kwenye uchaguzi mkuu wa 2024 alishinda kwa tofauti ya kura 14,696, na watu wakaiita ngome. Mimi neno hilo nalijua tangu nyumbani. Ngome huwa ngome mpaka siku watu wake wasipotoka majumbani.

Saa sita mchana. Joto. Ni siku ya jua kali kuliko ilivyozoeleka Mei, ukumbi umekuwa tanuri. Kazi kubwa sasa ni vitambulisho. Tangu 2023 huwezi kupewa karatasi bila kitambulisho chenye picha, na Waingereza wengi bado hawajazoea. Kadi ya basi ya wazee inakubaliwa, kadi ya treni ya vijana haikubaliwi, na mimi ndiye wa kumweleza kijana kwa nini. Niliwarudisha watu kadhaa, nikawaandika kwenye fomu yake. Wengine walirudi na pasipoti. Wengine hawakurudi.

Na mimi Mkenya nafanya nini hapo? Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola aliye na kibali cha kuishi hapa ana haki ya kupiga kura, hata kumchagua mbunge. Pasipoti ya Kenya inatosha. Kura yangu nilishaituma kwa posta. Nilimchagua nani, msiniulize.

Saa kumi. Nje ya mlango wamekaa watu wa vyama, ua la utepe kifuani, wakiwauliza wapiga kura namba zao za daftarini. Hawaulizi umemchagua nani. Wanataka kujua nani ameshafika, ili jioni wakawagongee milango wale waliowaahidi kura na bado wamelala. Hakuna anayelazimika kuwajibu. Mama wa Labour na bwana wa Reform waligawana kivuli kimoja na chupa moja ya maji. Ningependa wenzangu wa kwetu wayaone hayo.

Saa moja jioni. Watu wametoka kazini, foleni imefika barabarani, na foleni husema. Wanazungumzia posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, ambayo serikali ya Labour iliwaondolea wazee wengi, na hoteli ya Daresbury wanakowekwa waomba hifadhi. Reform waliifanya hoteli hiyo wimbo wa kampeni, na Shore wa Labour naye akaanzisha saini za kutaka ifungwe. Mimi mgeni nimekaa pale, nawapa karatasi, natabasamu. Hakuna aliyenivunjia heshima. Lakini naona Labour walikosea hesabu: anayetaka wimbo huo atamfuata aliyeutunga.

Saa nne usiku. Aliye kwenye foleni saa nne ikigonga anaruhusiwa kupiga. Hakukuwa na foleni. Tulikuwa tumeshafunga alipofika bwana mmoja akikimbia, mkononi ana bahasha ya kura ya posta ya mamake. Msimamizi akatikisa kichwa. Bwana hakubisha, alisema pole, akaondoka.

Hapa kura hazihesabiwi kituoni. Hakuna Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo kwetu Kenya, ya kubandikwa mlangoni. Tunapatanisha idadi ya karatasi, kisha msimamizi analibeba sanduku kwa gari lake mwenyewe hadi uwanja wa michezo wa Widnes, ng'ambo ya mto Mersey. Nilipomweleza kaka, alinyamaza muda mrefu. Halafu: "Peke yake?"

Karibu saa kumi na mbili asubuhi simu ikaniamsha. Kura zilihesabiwa upya: Pochin 12,645, Shore 12,639. Sita. Hakuna uchaguzi mdogo wa bunge la Uingereza ulioamuliwa kwa tofauti ndogo hivyo tangu Vita vya Pili vya Dunia. Labour mwaka mmoja kabla walikuwa na kura 22,358 hapa, na safari hii zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakupiga kabisa.

Kaka akaandika: "Sita? Si mnaenda mahakamani basi!"

Hakuna aliyekwenda. Nilimwambia nina zamu saa mbili, nikaenda kutafuta leso yangu.