Siku ya kuchambua kuku wa kishungi, Uyole

Alichoomba mama kwanza ni beseni la maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni nyeupe na taulo kuukuu. Ilikuwa Julai 2019, kiangazi cha Uyole jijini Mbeya, baridi ya asubuhi ikiuma na upepo ukipeperusha vumbi la barabarani mpaka bandani. Nilitegemea aanze kuwashika kuku moja kwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wana vumbi la mwezi mzima. Kishungi kichafu hakisomeki."

Mama huyu ni mfugaji wa kuku wa mbegu, yaani wa kuzalishia, kutoka Njombe. Aliniuzia mayai ya kuku wa Polish weusi wenye kishungi cheupe, yaani shada la manyoya kichwani, akaahidi kwamba wakifikisha wiki 24 atakuja tuwachambue pamoja. Kabla ya hapo, alisema, usimwondoe wala usimsifie kuku yeyote, kwa sababu kishungi huchelewa kukamilika.

Bandani walikuwa 28, wa asili mbili. Kituo kimoja kikubwa cha kutotolesha vifaranga huko Dar kilinitumia vifaranga 25 kwenye boksi. Kifaranga anapoanguliwa bado ana kiini cha yai tumboni, na hicho humvusha siku mbili hata tatu bila kula. Ndiyo maana 23 walivuka zaidi ya kilomita 800 za basi wakiwa hai, na 19 wakakua. Mayai ya mama yalikuwa 18, yamepangwa kwenye pumba za mpunga, ncha nyembamba ikiangalia chini. Niliyatuliza saa 24 ndipo nikayaingiza kwenye mashine kwa nyuzi 37.5, nikayageuza mpaka siku ya 18. Walitoka 11, wakakua 9. Wote walilelewa bruda moja, yaani chumba kimoja cha joto cha vifaranga, chakula kimoja, chanjo zile zile za kideri na Gumboro, hivyo malezi yasingekuwa kisingizio cha upande wowote. Wa Dar walikuwa na pete nyekundu mguuni, wa Njombe ya bluu. Mama alikataa nimwambie rangi ipi ni ya nani.

Tulianza kuwaosha. Maji hayafiki juu ya macho, kwa kuwa pua za Polish ni kubwa na zimefunguka, maji yakiingia humo mafua hayako mbali. Sabuni inapakwa kwa vidole kuanzia kwenye shina la unyoya kwenda nje, inasuuzwa, halafu taulo linabanwa bila kusugua. Kuku wanne katika kumi, kwa makadirio yangu ya macho, walikuwa na chawa kwenye shina la manyoya ya kichwani, mahali ambapo sikuwahi kupafunua. Kuku wa kawaida hujikuna kichwa na kukipaka vumbi akioga. Huyu kishungi kinamfichia wadudu, kwa hiyo mwenye kuku ndiye anayepaswa kuwatafuta.

Walipokauka juani, ukaguzi ulianza, na haukuanzia kwenye uzuri wa kishungi kama nilivyodhani. Ulianzia mifupani. Mama alimkalisha kuku kwenye kiganja cha kushoto, miguu imebanwa katikati ya vidole, kisha kidole gumba cha kulia kikapita polepole chini ya manyoya.

"Tafuta nundu. Usibonyeze."

Kishungi cha Polish kinakaa juu ya nundu ya mfupa wa fuvu, na kwa baadhi yao mfupa huo una matundu yaliyofunikwa na utando tu. Ndiyo maana kuku hawa huweza kufa kwa kudonolewa kichwani mara moja, jeraha ambalo kuku wa kienyeji angelipona. Nundu huonekana tangu siku ya kwanza, kifaranga anakuwa kama amevaa kofia ndogo ya manyoya laini. Nikiwa na boksi la Dar mwezi Januari, ningeweza kuwatenga palepale wale waliokuwa na kichwa bapa. Nilikuwa nikiangalia rangi.

Watano kati ya wale wa mwanzo walikuwa na nundu ndogo na kishungi kilichosimama nyuma ya kichwa kama ufagio mfupi. Mama alieleza sababu kwa maneno machache ambayo yaliniondolea mashaka ya miezi. Urithi wa kishungi ni wa nusu kwa nusu: kuku aliyeupata kwa mzazi mmoja tu anakuwa na kishungi, lakini kidogo. Ukimpandisha jogoo wa Polish kwa tetea wa kienyeji, vifaranga wote watatoka na kishungi kidogo na mnunuzi ataridhika. Ukiwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, kwa wastani mmoja katika wanne atakuwa na kishungi kikubwa, wawili kidogo, mmoja hana kabisa. Kwa hiyo kishungi kidogo hakimaanishi kwamba kuku hajakomaa. Kinamaanisha kwamba amepata urithi wa kishungi kwa mzazi mmoja tu.

Kisha upanga, ile nyama nyekundu ya juu ya kichwa. Polish ana upanga wa pembe mbili ndogo, kama herufi V iliyolala mbele ya kishungi. Watatu walikuwa na upanga mmoja wenye meno, wa kuku wa kawaida. Wawili walikuwa na manyoya ya ndevu kidevuni, na hapa nilibishana kidogo, kwa sababu ndevu zilikuwa zimewapendeza. Mama alitikisa kichwa. Polish wenye ndevu wapo, wa dhahabu na wa fedha, lakini mweusi mwenye kishungi cheupe hana ndevu. Kitabu cha viwango cha wafugaji wa Marekani kiliwaingiza hawa mwaka 1874 bila ndevu, wakiwa na nyama nyekundu zinazoning'inia kidevuni na ndewe nyeupe. Ndevu ndani ya kundi hili zinaonyesha kwamba aina mbili zilifungiwa banda moja.

Miguuni ndiko kulikotoa ushahidi mzito kuliko kote. Polish ana vidole vinne na mguu mtupu wa kijivu kizito. Wawili walikuwa na vidole vitano. Mmoja alikuwa na manyoya membamba yanayoshuka mguuni, na alipopulizwa tumboni ngozi ikaonekana nyeusi. Hapo hakuna mjadala: ni damu ya Silkie, aina nyingine ya kuku wa mapambo, mwenye vidole vitano na ngozi nyeusi. Kuku wa mapambo wanafugwa pamoja mara nyingi, na jogoo wa Silkie haombi ruhusa.

Akaendelea: mmoja mkia umepinda upande, mmoja mdomo umepishana, watatu kishungi kimegawanyika katikati kikaangukia macho pande zote mbili. Hao watatu alisema wangefaa sana kuuzwa kama mapambo, mradi mnunuzi ahakikishe anakata manyoya ya mbele ya macho, maana kuku asiyeona juu ni chakula cha kipanga. Hakuwasema vibaya. Kuku mwenye kishungi kidogo, alisema, anaona vizuri, anakwepa, anaishi. Mwenye kutaka uzuri wa uwanjani anunue kituoni kwa bei ndogo na asione aibu. Tena kituo chenye utaratibu huchanja dhidi ya ugonjwa wa Marek siku ile ile ya kuanguliwa, kitu ambacho mfugaji mdogo mara nyingi hawezi, kwa kuwa chupa moja ya chanjo hiyo ni ya vifaranga wengi kuliko anaototolesha. Nakubaliana naye kabisa. Kosa ni kumnunua huyo halafu kumwita mbegu.

Nilimuuliza kwa nini vituo vinatoa kuku wa namna hii. Jibu lake lilikuwa la mfugaji. Kituo kinaweka matetea wengi na majogoo kadhaa banda moja, na tetea anayetaga zaidi ndiye anayeacha watoto zaidi, hata kama kishungi chake ni kidogo. Hakuna mtu anayekosea. Kila mwaka mayai yanachagua badala ya jicho. Mfugaji wa mbegu anamtenga jogoo mmoja na matetea watatu au wanne, anapunguza manyoya ya macho ya jogoo ili awaone, anaandika yai la nani limewekwa lini.

Wote hao walioondolewa walikuwa wa pete nyekundu. Lakini bluu nao hawakupona wote. Mmoja vidole vimepinda kama ndoano, mmoja kishungi kimelala kushoto, mmoja weusi wa mbele ya kishungi umepanda mpaka katikati. Weusi kidogo karibu na upanga unaruhusiwa, huo ulizidi. Alipofika kwa mwenye vidole vilivyopinda, mama alinyamaza muda, ndipo akauliza pete za bluu ni za wapi. Nikamwambia.

"Nilijua. Nimemweka jogoo mmoja na binti zake misimu miwili."

Damu ikibana kwa ndugu kupandana, mayai mengi hayaanguliwi na vidole huweza kupinda. Ile 11 kati ya 18 niliyokuwa nailaumu mashine, na hewa nyepesi ya huku juu, kwa sehemu ilitoka bandani kwake. Akaniagiza nisiwapandishe ndugu hawa kwa ndugu. Nitafute jogoo kwa mfugaji mwingine ambaye hajawahi kununua Njombe.

Mwisho walibaki saba upande wa kulia wa uzio: sita wa bluu, na temba mmoja, yaani tetea kijana, mwenye pete nyekundu. Huyo alikuwa mzuri kuwashinda wote. Kishungi cha duara kama kabichi, upanga wa V, pua zimefunguka, vidole vinne, miguu ya kijivu. Mama alimgeuza mara tatu na hakupata kasoro. Mimi nilikuwa nimeshampangia banda.

"Ameanza kutaga?"

Alikuwa ameanza, wiki mbili zilizopita, peke yake katika kundi zima. Nilifurahi kusema hivyo. Mama hakufurahi.

"Kaniletee yai lake."

Nililitoa jikoni, bado lina unyasi. Alilifuta kwa ncha ya taulo, akaliweka juu ya kile kipande cha sabuni, akasogea pembeni ili nione mwenyewe. Polish hutaga yai jeupe. Hili, juu ya sabuni, lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Alimfungua pete nyekundu, akamvusha upande wa pili wa uzio.